Leseni ya Pombe kwa Mkahawa Mdogo Kenya: Hatua kwa Hatua Hadi Mbele ya Kamati

Wenye mikahawa midogo wanaonitafuta huja na malalamiko yanayofanana. Walijaza fomu, wakalipa ada, wakangoja, kisha wakaambiwa ombi limekataliwa. Ukiwauliza walipewa sababu gani, wengi hawajui. Ukiwauliza kama walihudhuria kikao cha kamati ya leseni, wanashangaa kusikia kwamba kulikuwa na kikao.

Tatizo huanzia hapo. Kibali cha biashara ukilipia, unakipata. Leseni ya pombe inaamuliwa na watu walioketi mezani, wenye mamlaka ya kukubali, kukubali kwa masharti au kukataa, na jirani yako ana haki ya kusimama mbele yao akupinge. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla hujalipa shilingi yoyote, na ndivyo nilivyoupanga mwongozo huu.

Neno moja kuhusu sheria, ndipo tuanze. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, iliwapa serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Kaunti zimetunga sheria zao, nyingi zikifuata nyayo za Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile ambayo wananchi huiita sheria ya Mututho. Ada, fomu na majina ya ofisi hutofautiana, lakini maswali ya kamati yanakaribiana sana kokote uendako. Nikisema "sheria ya kitaifa" hapa chini, ni hiyo ya 2010. Ilinganishe na ya kaunti yako kabla ya kutenda.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi

Nunua faili moja ngumu, uweke ndani yake:

- Nakala ya sheria ya vileo ya kaunti yako na orodha ya ada za mwaka huu. Iulizie kwenye ofisi ya leseni ya kaunti ndogo, au uitafute kwenye tovuti ya Kenya Law.
- Kitambulisho, PIN ya Mamlaka ya Mapato (KRA) na cheti cha kuthibitisha huna deni la kodi.
- Cheti cha usajili wa jina la biashara au kampuni.
- Kibali cha biashara cha mkahawa, cha mwaka huu.
- Mkataba wa kupanga. Kama haujataja pombe, pata barua ya mwenye nyumba inayoruhusu iuzwe humo.
- Leseni ya usafi wa chakula, pamoja na cheti cha afya cha kila anayegusa chakula, hata yule kijana wa kuosha vyombo.
- Cheti cha usalama wa moto.
- Cheti cha maadili mema kutoka idara ya upelelezi wa jinai (DCI), ikiwa kaunti yako inakitaka.
- Menyu iliyochapishwa, yenye bei.
- Daftari la kuandika tarehe, majina ya ofisi na kila ulichoambiwa.

Kabla ya kufunga faili, soma majina. Kibali kikiwa kwa jina lako, mkataba kwa jina la mumeo na PIN ni ya kampuni, karani atakurudisha nyumbani, na akikupitisha yeye, kamati itakuuliza biashara ni ya nani. Sahihisha sasa. Angalia na tarehe pia: vyeti vya afya vya wapishi hudumu miezi 6 tu, na ni rahisi viishe ombi likiwa bado ofisini.

## Hatua ya 1: Pima umbali kutoka shuleni

Sheria ya kitaifa inaitaka kamati isitoe leseni mpya mpaka iridhike kwamba jengo liko angalau mita 300 kutoka shule ya chekechea, ya msingi, ya sekondari, au mahali pengine popote wanaposomea walio chini ya miaka 18. Katika maombi ya mikahawa niliyoyapitia, hakuna kipengele kinachoumiza watu kama hiki, kwa sababu hakina dawa. Choo kibovu kinajengwa upya. Shule haihamishwi.

Watu huangalia shule kubwa yenye lango na bango, wakaisahau ile ndogo: chekechea inayoendeshwa ndani ya kanisa siku za juma, madrasa iliyo ghorofa ya pili, darasa la watoto nyuma ya duka la dawa. Wazazi wa darasa hilo ndio watakaokuja kikaoni.

Fanya hivi. Siku ya shule, asubuhi, tembea kila barabara na kila kichochoro kinachozunguka mkahawa wako. Ukisikia watoto wakikariri, simama uulize. Andika jina la kila mahali. Kisha fungua ramani ya simu, bonyeza mahali ulipo mkahawa mpaka alama itokee, chagua kipimo cha umbali, uvute mstari hadi kwenye lango la shule. Pima mara mbili, mstari ulionyooka na njia ya miguu, uandike vipimo vyote viwili.

Tuseme mstari ulionyooka ni mita 280 na njia ya miguu ni mita 410. Usiende kamatini na ile 410 peke yake. Mpinzani akiitoa ile 280, kila utakachosema baada ya hapo kitatiliwa shaka. Jipime kwa kile kifupi.

Onyo: Ukiwa chini ya mita 300, simama. Usilipe ada, na usimsikilize broka anayesema "hiyo tutaimaliza ndani kwa ndani". Anayepokea na anayetoa hongo wote wana hatia chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, na leseni iliyopatikana hivyo inaweza kufutwa siku yoyote mtu akilalamika. Ama tafuta jengo lingine, ama endelea kuuza chakula bila pombe.

Ukiwa bado unatembea, hesabu baa na mikahawa mingine inayouza pombe. Kamati inatakiwa kujiuliza kama sehemu zilizopo zinatosha kwa idadi ya wakazi, na ni wewe utakayelijibu swali hilo.

Muulize mwenye nyumba pia jengo liliidhinishwa kwa matumizi gani. Kama ni la makazi, kubadilisha matumizi kunahitaji idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Hiyo ni safari nyingine kabisa, nayo hutangulia hii.

Utajua umefaulu: una ukurasa mmoja wenye kila mahali pa masomo na umbali wake, na idadi ya wauza pombe wa karibu. Ukurasa huo uingie kwenye faili.

## Hatua ya 2: Omba leseni ya mkahawa, usiombe ya baa

Fomu ina aina nyingi: ya rejareja ya kunywea hapo hapo, ya kubeba nyumbani, ya hoteli, ya klabu, ya mkahawa na nyinginezo. Wengi huweka alama kwenye ile ya baa kwa sababu waliambiwa "ndiyo inaruhusu kila kitu".

Ukifanya hivyo umebadilisha kesi yako mwenyewe. Kamati haitakuona kama mtu wa chakula. Itakuona kama baa nyingine katika mtaa ambao pengine una baa za kutosha, na majirani watakupinga hivyo hivyo. Tena saa za baa ni finyu: chini ya sheria ya kitaifa ni saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na saa 8 mchana hadi saa 5 usiku wikendi na sikukuu. Anayetaka bia na chakula cha mchana siku ya Jumanne hutaweza kumhudumia.

Leseni ya mkahawa inafungamanisha pombe na mlo. Anayekula anaweza kunywa. Anayepita tu akitaka chupa mbili asimame nayo mlangoni, hapana. Ukiona sharti hilo litakuua kibiashara, basi biashara unayoifikiria ni baa, na ni heri ulijue sasa. Ukiona unaliweza, lishike kama ngao yako, kwa maana ndilo litakalowatuliza majirani. Masharti na saa za leseni ya mkahawa katika kaunti yako utayakuta kwenye jedwali la sheria yake. Yasome neno kwa neno kabla ya kuweka alama.

Utajua umefaulu: unaweza kumweleza mtu asiyejua lolote, kwa sentensi mbili, leseni unayoomba inakuruhusu nini na inakukataza nini.

## Hatua ya 3: Chora mkahawa, uonyeshe watoto watakaa wapi

Hatua hii haipewi uzito, na ndiyo inayomtofautisha mwenye mkahawa na mwenye baa. Sheria ya kitaifa inamkataza mwenye leseni kumruhusu mtu wa chini ya miaka 18 kuingia sehemu ambayo pombe inahifadhiwa au inanywewa. Mwenye baa anaweka bango mlangoni, kwisha. Wewe una familia zinazokuja Jumapili na watoto watatu. Utafanyaje?

Utatenganisha, na utenganisho uonekane kwa macho. Chukua karatasi nyeupe na rula. Chora kuta, milango, jikoni, kaunta, vyoo na kila meza, uzipe meza namba. Zungushia rangi meza ambako pombe itaruhusiwa. Zilizobaki ni za familia, na hazitoi pombe hata mzazi akiomba.

Kisha ufuate mchoro kwa macho ya mtoto. Anaingia mlangoni: anapita kati ya wanywaji? Anataka choo: njia yake inapita wapi? Friji ya bia iko wapi, nayo ina kufuli? Mara nyingi jawabu ni kuhamisha vitu viwili vitatu tu. Friji inaenda nyuma ya kaunta, meza za pombe zinaenda upande wa mbali na mlango wa choo, na katikati panawekwa ukuta mwepesi wa mbao au kioo. Pazia halitoshi. Mkaguzi akilisukuma kwa kidole, ameshaandika.

Nafasi ikiwa ya meza nne na haigawanyiki, jiulize kwa dhati. Unaweza kupendekeza kwamba kuanzia saa fulani mkahawa ni wa watu wazima peke yao, na pombe haitolewi kabla ya saa hiyo. Liandike kwenye maelezo yako na kwenye menyu, ulitekeleze. Ila fahamu kwamba kamati inaweza isiridhike na mpango huo, na wateja wako wa familia wanaweza kukukimbia. Mimi humshauri mwenye mkahawa unaoishi kwa familia apime kwanza kama faida ya bia inazidi hasara hiyo.

Utajua umefaulu: mchoro mmoja safi, wenye vipimo, meza zenye namba na rangi, ambao mgeni anauelewa bila wewe kuueleza. Toa nakala sita.

## Hatua ya 4: Jikague kabla ya kukaguliwa

Afisa wa afya ya umma atakuja, na ripoti yake ataisoma mbele ya kamati. Hapa sitakaa sana, kwa kuwa mwenye mkahawa anayajua haya: maji ya kunawa yawepo, vyoo vya wanaume na wanawake viwe vinafanya kazi na vina mlango unaofungika, taka zifunikwe, hewa ipite jikoni, kizima moto kisiwe kimepitwa na tarehe, mlango wa dharura usizibwe na kreti za soda.

Mambo mawili mapya huletwa na pombe. La kwanza ni chupa tupu: tenga mahali pa kuziweka pasipofikika na watoto wa mtaa. La pili ni choo. Mteja wa chai hukaa nusu saa, wa bia hukaa saa tatu, na majirani wanajua vizuri ni wapi mtu huenda choo cha mkahawa kikiwa na foleni.

Utajua umefaulu: umealika ofisi ya afya kwa hiari yako, umepewa orodha ya marekebisho, umeyafanya, na una karatasi yenye muhuri.

## Hatua ya 5: Wafikie majirani kabla ya tangazo kuwafikia

Ombi lako litatangazwa hadharani, na mtu yeyote anaweza kuwasilisha pingamizi. Jirani anayelisoma jina lako kwa mara ya kwanza kwenye ubao wa chifu hukasirika kwa mambo mawili: pombe yenyewe, na kwamba ulimficha.

Tembelea nyumba na biashara zinazopakana nawe, pamoja na kanisa, msikiti na shule za karibu hata kama ziko mita 500. Nenda mchana, nenda mwenyewe, ubebe mchoro. Mpigie hodi mzee wa mtaa na umwone chifu.

Usianze kwa kuomba sahihi. Anza kwa kuuliza: "Mama, nafikiria kuongeza bia kwenye chakula changu, kwa wanaokula tu. Ni kitu gani kingekusumbua?" Kisha nyamaza uandike. Atakwambia: muziki, magari kuziba lango, vijana kusimama nje, mkojo ukutani. Haya yote unaweza kuyajibu kwa vitendo. Spika isielekezwe nje. Muziki uzimwe saa 3 usiku. Mlango wa nyuma ufungwe jua likizama. Mlinzi asimame mlangoni Ijumaa na Jumamosi.

Uliyoyakubali yaandike kwenye ukurasa mmoja, mpe nakala, na ndipo umwombe aweke sahihi kwamba mlizungumza na hana pingamizi mradi uyatimize. Barua tano za namna hiyo, za watu wanaopakana nawe kabisa, zina uzito kuliko sahihi mia moja zilizokusanywa stendi ya matatu. Kamati hutazama anwani.

Onyo: Usimlipe mtu akuwekee sahihi, wala usiweke jina la mtu ambaye hukumwona. Mmoja tu akisimama kikaoni aseme "mimi sikusaini", barua zote zimeoza pamoja.

Watakuwepo wasiokubali kabisa, wengine kwa sababu ya dini au kwa sababu pombe imeivunja familia yao. Usibishane nao. Wana haki yao, na uchungu wao ni wa kweli. Waambie umewasikia, uandike walichosema, ujiandae kukijibu kwa adabu mbele ya kamati.

## Hatua ya 6: Andika maelezo, wasilisha, dai risiti

Pamoja na fomu, sheria ya kitaifa inataka mwombaji aeleze kwa ukamilifu aina ya biashara, mahali ilipo na vifaa vyake. Wengi hujaza mstari mmoja: "mkahawa na bar". Usifanye hivyo. Andika kurasa mbili zenye majibu haya, kwa lugha yako ya kawaida:

Unauza chakula gani, kwa nani, saa ngapi hadi saa ngapi. Kwa nini wateja wanaulizia pombe. Ni vinywaji gani utauza na vipi hutauza. Una meza ngapi, za pombe ngapi. Watoto watatenganishwaje. Nani atakagua vitambulisho. Mlevi utamfanyaje. Chupa tupu zitakwenda wapi. Mlikubaliana nini na majirani.

Ambatisha mchoro, ukurasa wa umbali, menyu, barua za majirani na ripoti ya afya. Pitia namba za kurasa. Peleka nakala mbili, moja ibaki ofisini na moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo.

Lipa kupitia mfumo rasmi wa kaunti pekee, na usimpe karani pesa taslimu mkononi. Risiti iwe na jina la biashara na aina ya leseni uliyoomba.

Onyo kubwa: Risiti siyo leseni. Nalirudia hili kwa sababu ndilo linalowafikisha watu mahakamani. Mtu akishalipa huona amemaliza, anaingiza kreti kumi, na polisi wanapokuja anawaonyesha risiti. Kuuza pombe bila leseni ni kosa la jinai, hata kama ombi lako liko njiani na hata kama kila mtu ofisini amekuahidi litapita. Tena utaingia kikaoni ukiwa tayari umeivunja sheria unayoomba kuaminiwa nayo.

Utajua umefaulu: nakala yenye muhuri, risiti yenye namba, na jina la afisa aliyepokea vimo kwenye daftari lako.

## Hatua ya 7: Fuatilia tangazo na ushughulikie pingamizi

Chini ya sheria ya kitaifa, kamati hutayarisha tangazo ndani ya siku 21 tangu kupokea ombi, likiwa na majina ya waombaji, aina ya leseni, mahali pa biashara, na siku, saa na mahali pa kikao. Hubandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za serikali, ikiwemo ya chifu.

Usingoje kupigiwa simu. Pita ofisini mara moja kwa wiki. Tangazo likitoka, lipige picha na uhakikishe mambo matatu: jina, aina ya leseni na mahali. Jina la mtaa likikosewa, andika barua siku hiyo hiyo. Kosa dogo humpa mpinzani sababu ya kusema umma haukujulishwa ipasavyo.

Pingamizi huwa la maandishi, hupelekwa kwa katibu wa kamati, na mpinzani anatakiwa akufikishie taarifa yenye sababu zake angalau siku 7 kabla ya kikao. Ni juu yake kuthibitisha kwamba alikufikishia. Ukiletewa pingamizi kwa mara ya kwanza mkiwa ndani ya kikao, una haki ya kusema hivyo kwa utulivu na kuomba muda.

Ukilipata mapema, ligawe sehemu mbili: mambo unayoweza kuyarekebisha, na mambo unayoweza tu kuyajibu. Kwa yale ya kwanza, mtafute mpinzani. Mkielewana, aandike barua ya kuondoa pingamizi na mpeleke pamoja kwa katibu. Kwa yale ya pili, andika jibu la ukurasa mmoja, hoja kwa hoja, bila kumshambulia mtu.

Kamati inaweza pia kuibua pingamizi yenyewe, kwa mfano ripoti ya polisi kuhusu mtaa wako. Hapo pia omba uelezwe waziwazi na upewe nafasi ya kujibu.

## Hatua ya 8: Siku ya kikao

Nenda wewe mwenyewe. Sheria inaruhusu uwakilishwe na wakili, na pingamizi likiwa zito ni busara kuwa naye, lakini hata hapo keti kando yake. Wanakamati wanataka kumwona atakayeshika funguo.

Fika mapema na uvae kama unaenda kwa mkwe. Beba faili, nakala za mchoro kwa kila mwanakamati, na mfanyakazi mmoja atakayehudumia pombe.

Muda wako utakuwa mfupi, kwa hiyo anza na jambo lenyewe: "Mheshimiwa mwenyekiti, nina mkahawa wa meza nane. Ninaomba kuuza bia na divai kwa wanaokula, kwenye meza tatu zilizotiwa rangi kwenye mchoro ulio mbele yenu. Shule ya karibu iko mita 460. Majirani watano wanaopakana nami wameandika barua, ziko ukurasa wa tisa." Kisha ngoja maswali.

Maswali yenyewe huwa ya kawaida, na mengine ni ya kuchokonoa:

"Wewe unauza chapati na maharagwe. Bia ya nini?" Jibu kwa wateja ulionao: wafanyakazi wa ofisi wanaokuja jioni, wanaagiza nyama, wanauliza kinywaji, wanaondoka kwenda kunywa kwingine.

"Baa ziko sita hapa. Ya saba itatusaidia nini?" Usizidharau baa. Sema hizo sita ni za kunywa na yako ni ya kula, na leseni uliyoomba haikuruhusu kumhudumia asiyekula.

"Mtoto wa miaka 17 akija na mjomba wake?" Hapa mwache mfanyakazi wako ajibu: ataketi meza za familia, na kwenye meza hizo pombe haitolewi, hata kwa mjomba.

Swali usilolijua jibu lake, sema utaliwasilisha kwa maandishi kesho yake. Mpinzani akisema jambo la uongo, usimkatize. Liandike, ulijibu ukipewa nafasi, ukitaja ukurasa.

Ushauri ninaoutoa kwa uzito: ukiona kikao kinakuendea vibaya kwa sababu ya kitu unachoweza kukirekebisha, omba ombi liahirishwe kabla hawajaamua. Chini ya sheria ya kitaifa, ukikataliwa, ombi lako jingine la leseni ya aina ile ile halitazamwi kwa miezi 6 ila kamati ikipenda. Kuahirishwa hukuchelewesha wiki chache. Kukataliwa hukufungia nusu mwaka.

## Hatua ya 9: Usome uamuzi, mstari kwa mstari

Ukikubaliwa kwa masharti, masharti hayo ni sehemu ya leseni. Saa za mwisho, idadi ya meza, muziki: yaandike kwa herufi kubwa na uyabandike jikoni, wafanyakazi wasome. Angalia jina, mahali na tarehe ya mwisho. Hakikisha umepewa leseni yenyewe, kisha uitundike mahali mkaguzi ataiona bila kuuliza. Ni ya jengo hilo moja. Ukifungua tawi unaomba nyingine.

Ukianza kununua mzigo, kagua stempu ya kodi ya kila chupa kwa programu ya KRA iitwayo Soma Label. Usipokee pombe iliyo kwenye kifuko au chupa ya chini ya mililita 250, kwa kuwa sheria imeikataza.

Ukikataliwa, usiondoke na neno la mdomo. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Andika barua siku hiyo hiyo, uigongeshe muhuri. Sababu zikifika, jiulize: zinahusu umbali, au zinahusu mambo ya kurekebishwa? Za umbali, ukweli ukiwa upande wao, usipoteze pesa. Zikiwa na kosa la wazi, kwa mfano wamehesabu shule iliyofungwa, kata rufaa kama sheria ya kaunti yako inavyoelekeza. Muda wa rufaa ni mfupi na huhesabiwa kwa siku, kwa hiyo mtafute wakili wiki hiyo hiyo. Ukinyimwa hata sababu, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko bila malipo.

## Hatua ya 10: Kuhuisha leseni

Chini ya sheria ya kitaifa leseni hudumu miezi 12. Tia alama kwenye kalenda miezi mitatu kabla haijaisha, uanze kuhuisha vyeti vya afya na vya moto, kisha upeleke ombi mapema. Ombi likiwa limewasilishwa na kamati haijaamua kufikia tarehe ya mwisho, leseni ya zamani huendelea kutumika mpaka uamuzi utolewe. Ile nakala yenye muhuri ndiyo utakayomwonyesha polisi wakati huo, kwa hiyo isikae nyumbani. Iwe kwenye faili, chini ya kaunta.

Mwaka mzima weka daftari la matukio: ugomvi, mteja aliyekataliwa kwa kukosa kitambulisho, jirani aliyelalamika na ulilofanya. Kabla ya kuhuisha, rudi kwa wale majirani watano na ukurasa mliokubaliana, muupitie kipengele kwa kipengele. Kile ulichoshindwa kukitimiza kirekebishe kabla ombi halijafika ofisini, kwani mwaka wa pili wanaweza kuandika barua tena, za kukuunga mkono au za kukupinga.